Waya Ulio Nje na Waya Ulio Ndani: Hotuba Kuhusu Visimbuzi vya Kasi

Haya ni maneno niliyoyasema mbele ya mkutano wa wahandisi na wanafunzi wa mawasiliano. Nimeyaandika kama yalivyotoka kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika. Michoro iliyoonyeshwa ukutani nimeiacha, na mahali palipouhitaji mchoro nimejaribu kuueleza kwa maneno.

Mwenyekiti wa kikao, walimu wetu, wahandisi wenzangu, na nyinyi wanafunzi mliokaa huko nyuma ambao ndio hasa niliowakusudia, nawashukuru kwa kunipa nafasi ya kusema juu ya kazi ninayoipenda.

Naomba tuanze na waya. Chukueni kebo ya shaba yenye urefu wa mita 100, ndani yake mna jozi nne za nyaya zilizosokotwa. Katika kila jozi, mtumaji anabadilisha volteji mara milioni 800 kwa sekunde, na kila mara anachagua ngazi moja kati ya 16. Jozi hizo zimelala pamoja ndani ya ganda moja, kwa hiyo kila moja inasikia minong'ono ya jirani zake, inasikia mwangwi wa sauti yake yenyewe, na inazidi kufifia kadiri inavyosafiri. Ikifika upande wa pili, ngazi zile 16 zimekaribiana kiasi kwamba mpokeaji hawezi tena kuapa kwamba ameona ya tano na si ya sita. Hata hivyo, kiwango cha Ethaneti, ile teknolojia ya kuunganisha kompyuta kwa nyaya, cha gigabiti 10 juu ya shaba, kilichopitishwa mwaka 2006 kwa jina la IEEE 802.3an, kinadai kwamba katika kila biti milioni milioni moja, yaani sifuri na moja zinazobeba habari, isizidi moja iliyo mbovu. Kwa kasi hiyo ya biti bilioni 10 kwa sekunde, maana yake ni kosa moja katika kila sekunde 100.

Je, kuna waya unaoweza kutimiza hilo peke yake? Hakuna. Anayelitimiza ni kisimbuzi. Wengi wetu neno hili tumelizoea kwa kile kisanduku cha televisheni, na ndani ya kisanduku hicho kweli mna jamaa yake. Lakini leo nazungumzia ile sehemu ya chipu ya mtandao inayopokea biti zenye mashaka, pamoja na biti za ziada ambazo mtumaji alizipanga kwa makusudi, ikakata shauri kuhusu kile kilichotumwa hasa. Tena inakata shauri hilo mamilioni ya mara kwa sekunde, bila kuomba kurudiwa hata neno moja.

Swali nililoitiwa hapa ni hili: kasi ya kisimbuzi inatoka wapi? Jibu langu, ambalo nimelifikia baada ya miaka ya kulikosea, ni kwamba inatoka katika kufupisha safari ambayo habari inasafiri ndani ya kisimbuzi chenyewe. Waya ulio nje huharibu habari. Waya ulio ndani ya chipu huchelewesha kuisahihisha. Anayeunda kisimbuzi anapambana na nyaya mbili, na mara nyingi ule wa pili ndio mkaidi zaidi.

Turudi nyuma kidogo, hadi mwaka 1947, katika maabara za Bell huko Marekani. Richard Hamming alikuwa akitumia kompyuta iliyojengwa kwa swichi za sumaku, na kazi zake ziliendeshwa mwishoni mwa juma, wakati ambapo hapakuwa na mtu wa kuisimamia mashine. Mashine ile ilikuwa na uwezo wa kutambua kwamba kosa limetokea. Siku za kazi ilimwita mhudumu. Mwishoni mwa juma, kwa kuwa hapakuwa na mhudumu, iliitupa kazi iliyokosewa na kuanza inayofuata. Hamming alifika Jumatatu akakuta kazi yake imetupwa. Wiki iliyofuata akakuta imetupwa tena. Akajiuliza: ikiwa mashine inajua kwamba kosa lipo, kwa nini isijue lilipo?

Tazameni jibu lake kwa karibu, kwa maana ndilo mbegu ya yote nitakayoyasema. Chukua biti nne za habari, ziongezee tatu, ziwe saba, kisha zipe nambari kuanzia 1 hadi 7. Biti zile tatu za ziada zimepangwa ili mpokeaji aweze kuuliza maswali matatu: je, jumla ya biti za nafasi ya 1, 3, 5 na 7 ni shufwa au witiri? Je, jumla ya nafasi ya 2, 3, 6 na 7? Je, ya 4, 5, 6 na 7? Shufwa iandikwe sifuri, witiri iandikwe moja. Sasa yasome majibu matatu kama namba, swali la kwanza likihesabiwa moja, la pili mbili, la tatu nne. Namba utakayoipata ndiyo anwani ya biti iliyoharibika. Ikiharibika biti ya sita, swali la pili na la tatu yatajibu witiri, na mbili ukijumlisha na nne ni sita. Yote yakiwa shufwa, hakuna iliyoharibika. Hamming aliyachapisha haya mwaka 1950, na mimi kila nikiyarudia bado nasisimka.

Kisimbuzi hicho kina kasi ajabu. Kwa nini? Kwa sababu kila anayehitaji kusema na mwenzake yuko pale pale jirani. Biti saba zinakaa pamoja, maswali matatu yanajibiwa kwa wakati mmoja, kazi imekwisha. Lakini fungu la biti saba linasahihisha kosa moja tu, na gharama yake ni biti tatu katika kila saba. Claude Shannon alikuwa amekwisha kuthibitisha mwaka 1948 kwamba kila njia ya mawasiliano ina kikomo cha habari inayoweza kupita salama, na kwamba njia ya kukikaribia kikomo hicho ni kutumia mafungu marefu. Hapo ndipo mgogoro wetu unapozaliwa. Nguvu ya kusahihisha inataka urefu. Kasi ya kusahihisha inataka ujirani. Kila kisimbuzi kizuri ninachokijua ni suluhu iliyopatikana kati ya madai hayo mawili.

Suluhu mojawapo iliyodumu ni msimbo wa Irving Reed na Gustave Solomon wa mwaka 1960. Huo hauhesabu biti mojamoja. Unazikusanya katika alama, na katika Ethaneti ya kasi kila alama ina biti kumi. Fungu linalotumika sana leo lina alama 544, ambazo 514 ni habari na 30 ni za ulinzi, na linaweza kusahihisha alama zozote 15 zilizoharibika. Ona uzuri wake: biti zote kumi za alama zikiharibika kwa pamoja, hilo linahesabiwa kosa moja tu. Na kwenye nyaya za kasi makosa hupenda kuja kwa pamoja, kwa sababu mpokeaji hutumia uamuzi wake wa sasa kusafisha ishara inayofuata, hivyo akikosea leo anakosea na kesho. Tulipohamia kwenye ngazi nne za volteji ili kila badiliko libebe biti mbili badala ya moja, nafasi kati ya ngazi na ngazi ilibaki theluthi moja ya ilivyokuwa, na msimbo huu ndio uliotuwezesha kuthubutu. Katika viungo vya gigabiti 400 vilivyowekewa kiwango mwaka 2017, baadhi ya nyuzi za nuru ziliruhusiwa kufikisha kwa kisimbuzi biti moja mbovu katika kila 4,000 hivi. Zamani waya wa namna hiyo tungeutupa.

Lakini je, mnajua kisimbuzi kinapewa muda gani? Fanyeni hesabu pamoja nami. Fungu lina biti 5,440. Kiungo cha gigabiti 100, pamoja na biti za ulinzi, kinapitisha gigabiti 106.25 kwa sekunde. Gawanya: fungu zima linawasili ndani ya nanosekunde 51.2, na nanosekunde ni sehemu moja ya bilioni ya sekunde. Zikipita hizo, jingine limekwisha fika mlangoni. Ukimeza alama 16 katika kila pigo la saa ya chipu, una mapigo 34 kwa fungu, na saa inapiga mara milioni 664 kwa sekunde. Mapigo 34! Ndani yake lazima upime kama kuna makosa, utafute polinomia, yaani fomula ya hesabu, inayoficha mahali yalipo, uifungue ujue mahali penyewe, kisha ujue kila alama irekebishwe kwa kiasi gani.

Hatua ya kwanza na zile za mwisho hazinisumbui sana. Zinagawanyika vizuri: ongeza vizidishi, weka kila hatua katika chumba chake, mafungu yafuatane kama watu wanaopitisha ndoo kutoka mkono hadi mkono. Hesabu zenyewe hufanyika katika seti yenye namba 1,024 tu, ambamo kujumlisha hakubebi kitu kwenda nafasi inayofuata, jambo ambalo kwa mwenye kuunda chipu ni neema. Ugumu uko katikati, kwenye kutafuta ile polinomia.

Elwyn Berlekamp alionyesha njia mwaka 1968, na mwaka uliofuata James Massey akaieleza kwa namna ambayo wahandisi wangeweza kuijenga. Njia yao inakwenda hatua kwa hatua. Kila hatua unapima ni kiasi gani jibu ulilonalo linapishana na ukweli, kisha unatumia kipimo hicho kulirekebisha jibu. Inasikika vyema, sivyo? Lakini tazameni kinachotokea ndani ya chipu. Ili kukipata kipimo, lazima namba kutoka kila chumba zizidishwe, zikusanywe mahali pamoja na kujumlishwa. Halafu matokeo yasambazwe tena kwa wote ili wazidishe tena. Kukusanya na kusambaza, kukusanya na kusambaza, na yote hayo ndani ya pigo moja la saa. Unaweza kununua transista zenye kasi kiasi gani? Safari ya kwenda na kurudi itabaki pale pale.

Mwaka 2001, Dilip Sarwate na Naresh Shanbhag walichapisha mpangilio mpya wa hesabu ile ile. Hawakubuni msimbo mpya, wala hawakuomba chipu bora. Waliipanga upya kazi ili vipimo vya hatua zijazo viwe vinaandaliwa sambamba na marekebisho ya hatua ya sasa, na kila chumba kikawa kinapokea namba za jirani yake, kinazidisha mara moja, kinajumlisha mara moja, basi. Ule mkusanyiko wa katikati ukatoweka. Kwa msimbo wetu wa makosa 15, kazi inakwisha kwa mapigo 30, nasi tulikuwa na 34. Wanafunzi, msiipite habari hii kwa haraka. Hesabu ni ile ile, jibu ni lile lile, ila nani anasema na nani, na lini, ndicho kilichobadilika.

Sasa nije kwenye suluhu ya pili, ambayo ndiyo iliyonitesa na kunifundisha zaidi.

Robert Gallager alikamilisha tasnifu yake ya udaktari huko MIT, chuo cha teknolojia cha Massachusetts, Marekani, mwaka 1960. Alipendekeza msimbo mrefu sana wenye wakaguzi wengi, ila kila mkaguzi anaangalia biti chache tu na kudai kwamba jumla yake iwe shufwa. Kusimbua ni mazungumzo. Kila biti inawaambia wakaguzi wake inavyojidhania na kwa uhakika gani. Kila mkaguzi anaijibu kila biti, “kwa ushahidi wa wenzako, wewe ulipaswa kuwa hivi”. Biti inajumlisha maoni na kujifikiria upya. Duru inarudiwa mpaka wakaguzi wote waridhike. Kompyuta za wakati ule hazikuweza kuubeba mzigo huo, na ukiacha watu wachache, wazo lile lililala kwa zaidi ya miaka 30, hadi David MacKay na Radford Neal walipoliibua upya katikati ya miaka ya 1990 na kuonyesha kwamba linakaribia kikomo cha Shannon. Ethaneti ya gigabiti 10 juu ya shaba, ile niliyoanza nayo, inautegemea msimbo wa ukoo huo.

Namba zake ni hizi. Kila fungu lina biti 2,048 zinazolindwa kwa msimbo. Wakaguzi ni 384. Kila mkaguzi anasimamia biti 32, na kila biti ina wakaguzi sita. Kwa hiyo kuna njia 12,288 za mazungumzo, na zimetawanywa makusudi, kwa sababu msimbo hupata nguvu pale ambapo habari inatoka mbali na haizunguki ndani ya kikundi kidogo. Fungu jipya linafika kila nanosekunde 320. Ukitaka duru nane, kila duru ina nanosekunde 40, na ndani yake jumbe 12,288 zinakwenda na 12,288 zinarudi.

Nilipokuwa mgeni katika kazi hii, niliamini kwamba kasi hununuliwa kwa wingi. Kisimbuzi changu kilikuwa na wakaguzi wachache waliofanya kazi kwa zamu. Nikaongeza idadi yao mara mbili, nikitarajia muda upungue kwa nusu. Jioni niliiachia programu ya kupanga chipu ifanye kazi usiku kucha. Asubuhi nilipoufungua mchoro, eneo lote la katikati lilikuwa jekundu, rangi ambayo programu ile iliitumia kuonyesha mahali ambapo nyaya zinazotaka kupita ni nyingi kuliko njia zilizopo. Nikaufuata kwa kidole waya mmoja juu ya kioo. Ulitoka kwenye biti iliyokuwa pembe ya chini kushoto, ukapanda, ukagonga msongamano, ukarudi nyuma, ukazunguka ukingo wote, ukaja kuishia kwa mkaguzi aliyekuwa pembe ya juu kulia. Hesabu ya mkaguzi yenyewe ilichukua sehemu ndogo ya pigo la saa. Muda uliobaki ishara ilikuwa njiani. Ilibidi nipunguze mwendo wa saa kiasi kwamba faida yote ya wakaguzi wapya ilimezwa. Kikulacho ki nguoni mwako. Nilikuwa nimetumia miezi kupigana na kelele za waya wa nje, na kumbe adui alikuwa ndani ya chipu niliyoichora mwenyewe.

Wakubwa wetu walikwisha kuliona jambo hilo. Mwaka 2002 Andrew Blanksby na Chris Howland waliripoti chipu iliyojenga mazungumzo yote kwa nyaya halisi, biti 1,024, kila mkaguzi na mahali pake, gigabiti moja kwa sekunde ikiwa na duru 64 kwa kila fungu. Ilikuwa kazi kubwa ya kuheshimika. Lakini karibu nusu ya eneo lake haikuwa na transista hata moja. Iliachwa wazi ili nyaya zipate pa kupita. Na tangu hapo mambo hayajawa mepesi: transista zikipunguzwa ukubwa huongeza kasi, ilhali nyaya zikikonda ukinzani wake huongezeka.

Basi tufanyeje? Tupunguze maneno yanayosafiri. Kanuni ya awali ya mkaguzi ilihitaji hesabu nzito juu ya uhakika wa kila biti. Mwaka 1999 Marc Fossorier, Miodrag Mihaljević na Hideki Imai walionyesha kurahisisha ambako naweza kukueleza kwa sentensi moja: uhakika wa mkaguzi hauwezi kupita uhakika wa shahidi wake aliye dhaifu kuliko wote. Badala ya kukumbuka namba 32, mkaguzi anakumbuka mbili tu, iliyo ndogo kabisa na inayoifuata, pamoja na jina la aliyeileta ile ndogo, kwa kuwa huyo asijibiwe kwa ushahidi wake mwenyewe. Kurahisisha huko kunamfanya mkaguzi ajiamini kupita kiasi, kwa hiyo jibu lake hupunguzwa kidogo kabla ya kutumwa.

Tinoosh Mohsenin na Bevan Baas wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walikwenda mbele zaidi. Waliwagawa mashahidi wa mkaguzi mmoja katika vikundi vilivyokaa mbalimbali kwenye chipu; kila kikundi kinajitafutia namba yake ndogo hapo hapo, na kinachovuka mpaka kwenda kikundi kingine ni alama ya shufwa au witiri tu. Usahihi ulipungua kidogo, wakaongeza ishara ya biti moja inayowaambia jirani kwamba namba ndogo vya kutosha imepatikana huku, na sehemu kubwa ya hasara ikarudi. Biti moja badala ya namba nzima! Nikiulizwa ni kazi gani ya fani hii mwanafunzi aisome kwanza, naitaja hiyo, kwa sababu inathubutu kuuliza: kati ya yote tunayopelekeana, ni lipi lenye thamani ya safari?

Ipo pia njia ya kuwapanga wakaguzi kwa tabaka, ili wa tabaka la pili waanze na habari zilizokwisha kusahihishwa na la kwanza. Idadi ya duru hupungua karibu nusu. Na ipo desturi ya kuacha mara wakaguzi wote wanaporidhika. Hapa naomba niseme ukweli wangu: wengi wanaotangaza kasi ya visimbuzi vyao hutaja kasi ya wastani iliyopatikana kwa kuacha mapema, hali waya haungoji. Fungu gumu likifika nyuma ya fungu gumu, wastani hautakusaidia. Unahitaji ghala la kuyahifadhi mafungu yanayosubiri, au uwezo wa kumaliza lililo gumu kabisa kwa wakati. Ukiulizwa kasi ya kisimbuzi chako, taja ile ya siku mbaya.

Na siku mbaya ina sura ambayo wengi hawaitarajii. Ukichora idadi ya makosa dhidi ya ubora wa waya, mstari unaporomoka kwa kasi kama maporomoko ya maji, kisha ghafla unalala. Tunaiita sakafu ya makosa. Waya unazidi kuwa safi, makosa hayapungui. Mdharau mwiba mguu huota tende, na mwiba huu ni mdogo kiasi kwamba hata kuuona ni kazi. Programu ya kompyuta inayosimbua biti milioni moja kwa sekunde, ikitaka kuyaona makosa 100 pale ambapo kosa ni moja katika milioni milioni moja, itahitaji zaidi ya miaka mitatu. Ndiyo maana watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walikijenga kwanza kisimbuzi chao ndani ya chipu zinazoweza kupangwa upya, ili wafike kule chini wakaone kinachotokea.

Walichokikuta ni hiki. Biti nane zimekosea kwa pamoja. Kila moja ina wakaguzi sita, na watano kati yao wanaiambia kwamba iko sawa. Wanasemaje hivyo, na biti ni mbovu? Kwa sababu makosa mawili yakikutana kwa mkaguzi mmoja, jumla inabaki shufwa, naye haoni kitu. Wakaguzi 20 wamedanganywa hivyo. Wanane tu ndio wanaopiga kelele, kila mmoja akiwa na biti mbovu moja. Watano dhidi ya mmoja, katika kila biti. Endesha duru mia, endesha duru elfu: biti nane zinathibitishana, na kisimbuzi hakitoki hapo.

Je, dawa ni kuongeza usahihi wa namba? Kuongeza duru? Vyote viwili vinaongeza nyaya au muda. Zhengya Zhang na wenzake, ndio hao watafiti wa Berkeley, walifanya jambo la busara zaidi. Duru za kawaida zikishindwa, wale wakaguzi wachache wasioridhika hupewa sauti kubwa, na sauti za walioridhika hupunguzwa kwa kitambo. Kundi likitikisika, mazungumzo ya kawaida yanaendelea. Kwa hatua hiyo walitosheka na jumbe za biti nne tu, na sakafu ikashuka chini ya kosa moja katika milioni mia moja za milioni. Kisha wakawapanga wakaguzi na biti kwa vikundi, ili nyaya zenye vurugu zibaki ndani ya kikundi na zile ndefu ziende kwa mpangilio. Chipu yao, waliyoiripoti mwaka 2010, ilifikia, kwa wastani wa kuacha mapema, gigabiti 47.7 kwa sekunde katika eneo la milimita za mraba 5.35. Walipopunguza volteji na mwendo wa saa, ilitoa gigabiti 6.67 kwa miliwati 144. Mnaikumbuka ile nanosekunde 320? Biti 2,048 katika nanosekunde 320 ni gigabiti 6.4 kwa sekunde. Kwa wastani, ilitosha.

Nimebakiwa na jambo moja, nalo ni ucheleweshaji. Kupitisha biti nyingi kwa sekunde na kuzipitisha mapema ni mambo mawili tofauti. Ukiongeza vyumba katika ule mstari wa ndoo, mafungu mengi zaidi yatapita, lakini kila fungu litakaa njiani vile vile au zaidi. Nuru ndani ya uzi wa kioo inatumia nanosekunde 5 kwa mita. Kisimbuzi kinachoongeza nanosekunde 100 kimerefusha waya kwa mita 20, na hakuna mtu atakayeweza kuufupisha tena. Pale ambapo maelfu ya kompyuta yanafanya hesabu moja kwa pamoja na kila hatua inamsubiri aliyechelewa kuliko wote, mita hizo 20 zinalipwa katika kila hatua.

Ndiyo sababu nilifurahi sana kuona njia waliyoichagua waandishi wa kiwango cha IEEE 802.3dj, kinachohusu gigabiti 200 katika njia moja. Kwa kasi hiyo msimbo wa alama 544 peke yake hautoshi kwa baadhi ya nyuzi za nuru. Wangeweza kuleta msimbo mrefu wenye mazungumzo ya duru nyingi. Badala yake waliweka ndani ya ule wa Reed na Solomon msimbo mwingine mfupi, biti 120 zinazoongezewa nane ziwe 128. Ni msimbo wa Hamming, ule wa mtu aliyekuta kazi yake imetupwa Jumatatu, ukiwa umerefushwa kidogo. Kisimbuzi chake kinaweza kuzitazama biti chache zenye uhakika mdogo kabisa, kikajaribu kuzigeuza, kikachagua jibu linaloafikiana zaidi na kilichopokewa. Biti 128 zinakaa pembe moja ya chipu, na safari ya mbali haipo.

Wanafunzi, nimekuja na karatasi yenye mchoro wa zile biti nane na wakaguzi wao 28, nimeuchora kwa mkono. Baada ya kikao nitakuwa kwenye meza ile ya kushoto. Njooni na penseli, tuanze na wale wanane wanaopiga kelele, tuone kila mmoja akipewa sauti ni biti gani inayogeuka kwanza.